Mashine Iliyokwenda Mapumziko Saa Sita

Laptop ya kazini ilikuwa na tabia moja ambayo sijaizoea mpaka leo: kila nilichotaka kufanya, iliniuliza kwanza kama nina uhakika. Nikitaka kufungua programu ya mashine, una uhakika? Nikitaka kuhifadhi nilichoandika, una uhakika? Nikitaka kutoka bila kubadili chochote, una uhakika unataka kutoka? Mtu kama mimi haulizwi swali la namna hiyo. Mimi nikifunga mlango wa chumba changu hurudi mara mbili kujaribu kitasa, na nikimtumia mtu ujumbe wa "asante" huusoma tena nione kama hauna ukali. Nilikuwa nakaa mbele ya laptop ile, kidole kikielea juu ya kitufe, nikijiuliza kwa dhati: hivi kweli nina uhakika?

Kiwanda chenyewe ni cha mkonge, njia ya kwenda Maramba. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nikakaa nyumbani Usagara miezi mingi nikituma maombi ya kazi, mpaka shamba hili likanichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Nilipewa chumba kambini na kofia ngumu ya njano iliyonizidi kichwa, nikaambiwa kazi yangu ni umeme wa korona. Wageni wakilisikia jina hilo hushtuka, lakini mashambani kwetu korona ilikuwepo kabla ya ugonjwa wowote. Ni mashine kubwa inayomeza majani ya mkonge upande mmoja, ikayaponda na kuyakwangua, kisha ikatoa singa, yaani nyuzi zake, upande wa pili, mbichi na nyeupe, tayari kwenda kuanikwa.

Korona yetu ilikuwa ya kizamani kwa chuma lakini ilikuwa imefungiwa akili mpya. Ndani ya kabati la umeme kulikuwa na kisanduku cha kijivu, ukubwa wa tofali, ambacho mafundi wote wanakiita PLC. Hicho ndicho kinachoamua mkanda uende lini, maji yafunguke lini na mota isimame lini. Ukitaka kukiambia neno, unahitaji programu maalumu, na programu hiyo ilikuwa kwenye laptop moja tu, ile niliyokabidhiwa.

Sitaisema vibaya, imenilisha. Lakini ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Kitufe cha herufi E kilikuwa kimeng'oka, ikabidi nibonyeze mpira uliobaki chini yake kwa ukucha. Programu ilichukua dakika kumi na moja kufunguka. Nilizipima. Katika dakika hizo feni ilivuma mpaka watu wa ofisi ya jirani wakafunga dirisha. Kisha, ikishafunguka, inasema haiuoni waya. Unauchomoa, unauchomeka tundu la pili, inauona. Kesho yake haiuoni tena kwenye tundu la pili, inautaka la kwanza. Aliyenitangulia kwenye kazi alikuwa amehamia mkoa mwingine na namba yake haikupatikana. Kitabu cha maelezo alichokiacha kilikuwa kimeliwa na mchwa. Yalibaki majalada na kurasa chache za mwanzo, zinazoeleza namna ya kufungua boksi.

Pembeni ya korona kuna kioo kidogo kinachoonyesha hali ya mashine, na juu yake kabisa, kwa tarakimu kubwa, saa. Mnyapara wa pale alikuwa mama mmoja ambaye wazazi wake walikuja kutoka bara kukata mkonge. Yeye alizaliwa kambini, akabatizwa kambini na kuolewa kambini, na angeweza kukuambia korona ina tatizo gani kwa kuisikia tu akiwa nyumbani kwake. Sote tulimwita Mama Mnyapara. Nilipokuwa karibu kumaliza miezi yangu mitatu, mchana mmoja alinishika mkono akanipeleka mbele ya kile kioo.

"Injinia, soma hapo."

"Kumi na tatu na dakika tano, mama."

"Saa kumi na tatu ndiyo saa gani? Nyie wa mjini mnayo?"

Wanawake wa kwenye brashi, ambao husafisha singa zilizokauka, wakaanza kucheka.

"Ni saa saba, mama. Unatoa sita."

"Natoa sita miaka mingapi sasa? Mikono imenijaa maji ya mkonge, inaniwasha, na huku kichwani natoa sita. Asubuhi kinaandika saba, kumbe ni saa moja. Si mnasema hicho ndicho chenye akili? Basi kitoe chenyewe!"

Nililifikiria jambo hilo kwa siku mbili. Ukweli ni kwamba nilitaka kupendwa. Pale kiwandani nilikuwa bado "yule kijana wa kompyuta", na jina la Injinia watu walilitamka kama wanavyomwita mtoto mfupi "Jitu". Nikajiambia, hapa sasa kuna kitu kidogo ninachoweza kuwafanyia watu hawa, wakakiona kila siku.

Alhamisi, kazi ilipokwisha na watu kuondoka, nilichomeka waya. Nikagundua kwamba kisanduku hakina haja ya kuandikiwa saa; unabonyeza mahali pamoja tu, nacho kinanakili saa ya laptop. Basi nikairudisha saa ya laptop nyuma kwa saa sita kamili, nikabonyeza. Una uhakika? Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nilikuwa nao. Saa ya laptop niliiacha hivyo hivyo, nikiogopa kwamba nikiisogeza tena huenda kisanduku nacho kikaifuata.

Ijumaa asubuhi, king'ora cha kuanza kazi kilipolia, kioo kilisoma saa moja kamili. Mama Mnyapara alisimama mbele yake, akainama, akainuka, akapiga kigelegele.

"Njooni muone! Mashine imejua Kiswahili!"

Wanawake wa brashi wakaitikia. Mtu akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha. Siku hiyo niliitwa Injinia mara nyingi, na safari hii nilisikia kwamba ni jina kweli.

Saa sita mchana korona ikasimama.

Haikusimama kama mashine iliyoharibika, kwa kishindo na harufu ya mpira unaoungua. Ilisimama kwa adabu: kwanza mkanda, kisha ngoma zinazoponda majani, kisha maji yakafunguka yenyewe na kuanza kumwagika juu ya vyuma vilivyotulia. Kioo kikaandika namba 17 na hakikusema zaidi. Maana ya namba 17 ilikuwa tumboni mwa mchwa. Nilibonyeza kitufe cha kuwasha, nikakibonyeza tena, nikaomba Mungu, nikakibonyeza. Baada ya dakika arobaini maji yakajifunga, taa ya kijani ikawaka, na mashine ikashika kazi kama vile hakuna lililotokea.

Hakuna aliyeudhika siku hiyo, maana ilikuwa Ijumaa na wanaume wengi walikwenda zao msikitini mapema. Jumamosi tunafunga saa sita, kwa hiyo iliposimama watu walikuwa tayari wanavua nguo za kazi. Jumatatu ndipo ilipokuwa habari. Saa sita kamili, mkanda, ngoma, maji.

"Mimi nilishasema hii ni Islamu," akasema mlishaji, bwana mmoja mrefu anayepanga majani kwenye mkanda. "Ona, adhuhuri ikifika inaacha kazi na inatawadha."

"Adhuhuri bado nusu saa," Mama Mnyapara akamjibu. "Saa sita kamili ni sala ya Malaika wa Bwana. Hii imebatizwa."

"Kwa maji yote hayo? Basi si ya kwenu, ni ya walokole!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nilicheka, mpaka nyuma yao nikamwona meneja amesimama, mikono nyuma, akiyatazama maji.

Meneja wetu si mtu wa maneno mengi. Aliniita pembeni.

"Dakika arobaini," alisema. "Majani yanarundikana uwanjani, mengine yanalala. Yakilala, singa zinatoka na rangi ya chai."

"Ndiyo, mzee."

"Majaribio yako yanaisha lini?"

"Ijumaa hii, mzee."

"Basi Ijumaa saa sita nitakuja nisimame hapa. Ikisimama, Jumatatu namwita fundi kutoka Dar es Salaam. Na akiweza, nitamwomba abaki."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Nilikimbilia ofisini, nikafungua laptop, nikasubiri dakika zake kumi na moja. Nilitaka kuingia ndani ya kisanduku nisome mstari kwa mstari ni nini kinachoifanya mashine isimame. Dakika ya kumi na moja kikatokea kijidirisha chenye msalaba mwekundu. Kilisema leseni ya programu si halali. Kisha programu nzima ikajifunga, na kwa mara ya kwanza haikuniuliza kama nina uhakika.

Siku mbili zilizofuata sizikumbuki vizuri, ila ninalo daftari. Niliandika humo kila sababu niliyoweza kuifikiria. Joto la mchana. Umeme kushuka watu wanapopika. Panya. Waya uliolegea. Waya uliokazwa mno. Sababu ya kumi na tisa inasema: "Meneja mwenyewe, ananijaribu." Ya ishirini na moja inasema: "Mama Mnyapara anataka kupumzika." Hiyo niliifuta kwa aibu, nikaandika pembeni "samahani", kana kwamba angeisoma. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, nilikuwa nimeandika: "Inasimama saa sita kamili. Hata kioo kinasema 6:00." Na mbele yake nikaweka alama ya vema, kwa kuridhika kwamba saa yangu mpya inafanya kazi vizuri.

Kuhusu leseni ndiyo nilikwenda mbali zaidi. Nilijiridhisha kwamba kampuni iliuziwa programu ya bandia. Kisha nikajiridhisha kwamba mimi, niliyeitumia karibu miezi mitatu, ni mshiriki wa kosa. Nikaanza kuandika barua ya kumweleza meneja, nikaifuta, nikaiandika tena kwa lugha ya upole, nikaifuta. Nilijiona napandishwa gari la polisi na ile kofia ya njano imeniangukia machoni. Katikati ya yote hayo Mama Mnyapara alikuja mlangoni kuniambia kwamba siku hizi korona inanuka asubuhi, imeganda uchafu wa jana.

"Hilo ni tatizo lingine, mama," nilimwambia. "Nitalishughulikia baada ya hili."

"Haya," alisema. "Ila ule kitu. Umekonda ghafla."

Alhamisi nilikuwa kazini kabla jua halijatoka, si kwa bidii bali kwa sababu kitanda kilikuwa kimenichoka. Getini alikuwepo mlinzi wa usiku, mzee wa Kidigo, ameegemeza baiskeli ukutani na ndoo ya maji iko miguuni pake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye bwana mashine?"

"Ndiye mimi."

"Vizuri. Nina kesi na wewe." Akaonyesha kidole upande wa korona. "Mashine yako imeacha kuoga."

"Kuoga?"

"Kwani hujui? Ilikuwa ikioga kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili alfajiri, mie nikishasali. Maji yanafunguka yenyewe, yanapita kwenye mtaro ule. Nanawa miguu, naosha baiskeli, narudi kwangu mtu safi. Sasa tangu Ijumaa hakuna maji. Nachota kisimani na kiuno hiki! Mke wangu jana kaniuliza kama nimehamishiwa shamba la mpunga, maana baiskeli imejaa tope."

"Tangu Ijumaa hii iliyopita?"

"Ijumaa hiyo hiyo. Muulize fundi wako, kama ni wewe mwenyewe jiulize."

Nilisimama pale getini mdomo wazi. Mashine ilikuwa imepangiwa kuoga saa 6:00. Walioipangia wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane, na kwao 6:00 ni alfajiri, kabla mfanyakazi yeyote hajafika. Wakati wa kuoga haiwezi kufanya kazi, na ndiyo sababu haikusikia kitufe chochote. Mimi nimekuja na saa yangu ya Kiswahili, nikaibebea alfajiri yake mpaka katikati ya mchana. Na kwa kuwa sasa inaoga saa sita, uchafu wa jioni inalala nao. Lile tatizo lingine la Mama Mnyapara halikuwa lingine.

"Mzee," nilisema, "kosa ni langu."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nikakusimamisha."

Nilikwenda mbio ofisini. Njiani nikaifikiria laptop, ambayo nayo ilikuwa bado iko nyuma saa sita, nikapunguza mwendo, kisha nikaongeza. Niliirudisha saa yake mahali pake. Nikasubiri dakika kumi na moja. Msalaba mwekundu. Nikaelewa kwamba hapa sasa lazima nimwambie mtu.

Simu pale kiwandani hushika vizuri mahali pamoja tu, juu ya kilima cha makapi ya mkonge nyuma ya jengo. Saa mbili ofisi za watu zilipofunguliwa nilikuwa nimeshapanda, daftari mkononi, miguu inazama, nikawapigia waliotuuzia programu, huko Dar es Salaam. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai.

"Leseni inakataa? Sawa kaka. Hiyo kompyuta imewahi kurudishwa nyuma tarehe au saa?"

Nilifikiria kusema hapana. Nilifikiria kusema betri ilikwisha. Nilifikiria kukata na kupiga tena kwa sauti nyingine.

"Imewahi," nilisema.

"Kwa muda gani?"

"Saa sita."

"Kasoro, au na ushei?"

"Sita kamili."

Nikamsikia anafunika simu kwa mkono, na hata hivyo kicheko kikapita katikati ya vidole.

"Kaka, ulitaka isome saa ya Kiswahili?"

"Wafanyakazi walikuwa wanapata shida ya kutoa sita."

"Jamani! Sasa sikiliza. Programu ikiona saa imerudi nyuma, inadhani unaiibia siku, unataka leseni isifike mwisho. Inajifunga. Si ya bandia, wala haijafa. Ngoja nikuombee namba za kufungulia kwa wenyewe, kisha nakupigia."

Nilidhani atapiga baada ya dakika tano. Nilikaa juu ya makapi mpaka mlishaji akanipigia kelele kuniuliza kama nataga. Saa sita mashine ilisimama chini yangu kwa adabu yake, ikaanza kuoga, na kwa mara ya kwanza niliitazama bila woga. Masikini, ilikuwa inafanya hasa ilivyoambiwa. Saa nane simu ikalia.

"Uko tayari, kaka? Ni herufi na namba ishirini na nne. B kama Bukoba. Saba. K kama Korogwe. K nyingine."

"Kama Korogwe?"

"Hiyo hiyo, haijahama. Mbili. P kama Pangani. N kama Nachingwea..."

Alipomaliza nilimsomea zote. Kisha nikamsomea tena. Nilipoanza mara ya tatu akaniambia, "Kaka, Korogwe ile ile, nenda kafungue," akakata.

Programu ilifunguka. Waya ulionekana kwenye tundu la kwanza, siku ambayo ningekubali hata la tano. Nikaingia ndani, nikateremka mistari taratibu mpaka nikaukuta, mfupi, umekaa kimya: ikifika 6:00, osha. Niliutazama kama mtu anayemtazama shahidi aliyekuwa akimtafuta kumbe anakaa nyumba ya pili.

Kilichobaki kilikuwa kuirudishia mashine saa yake, na hilo ni kubonyeza mara moja tu. Lakini nilimwona Mama Mnyapara kwa dirisha, mikono imelowa, akikitupia jicho kioo. Nikaongeza mistari michache. Mashine ibaki na saa yake ndani, ioge alfajiri kama ilivyozoea, na kile kioo peke yake kitoe sita kabla ya kuonyesha, na jioni ikipita kumi na mbili kianze tena moja. Nilijaribu hesabu hiyo kwenye daftari kwa kila saa ya siku, zote ishirini na nne. Watu walipoondoka niliirudishia mashine saa yake, nikaituma mistari hiyo. Una uhakika? Hapana, lakini nilibonyeza.

Jioni ile ndipo ilipokuja fikra mpya: hakuna anayejua. Meneja anadhani ni uzee wa mashine. Mlinzi anajua maji tu. Kioo kitaonyesha saa zile zile. Ningeweza kusimama Ijumaa saa sita kama fundi aliyeponya kitu, na nani angeuliza? Niliigeuza fikra hiyo kila upande. Si kwamba mimi ni mwema sana. Ni kwamba najijua: nikificha jambo moja dogo, kila meneja atakapokohoa nitadhani amelijua, na atakohoa miaka mingapi? Nikaketi nikaandika ripoti. Ilifika kurasa nne.

Ijumaa alfajiri nilikuwa mtaroni pamoja na mlinzi. Saa kumi na mbili kamili maji yalishuka, ya kwanza yakiwa meusi kwa uchafu wa jana, kisha meupe. Mzee akaikunja suruali, akaitia baiskeli ndani kama anayemwogesha mbuzi.

"Kesi imefutwa," alisema.

Lakini kuoga alfajiri hakukuwa na maana kwamba haitaoga tena mchana. Huenda nilikosea hesabu ikawa sasa inaoga mara mbili. Nilikaa na wazo hilo asubuhi nzima. Saa sita kasoro dakika tano meneja alikuja, akasimama pale pale aliposema atasimama. Nikampa kurasa zangu nne. Akaanza kusoma huku jicho moja likiwa kwenye kioo. Watu wote walikuwa wanakitazama. Wengine walishaanza kufungua vyombo vya ugali.

Kikasoma 5:59. Kikakaa hapo, muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko chuo chote.

6:00.

Mkanda ukaendelea. Ngoma zikaendelea. Singa zikaendelea kutoka, nyeupe, ndefu, na wale waliokuwa wanazipokea hawakuwa na la kufanya ila kuzipokea.

"Aaaa!" watu walilalamika kwa pamoja, kama wanaotazama mpira na goli limekataliwa.

"Injinia umetuuza!" akapiga kelele mlishaji.

"Imeritadi," mwingine akasema.

Mama Mnyapara aliwaachia wenzake kazi akaja moja kwa moja kwa meneja, kiuno ameshika.

"Bwana meneja, hii mashine ilikuwa inatupa dakika arobaini bila kuombwa. Wewe una moyo wa nyama. Unatupa ngapi?"

"Chakula si saa saba?"

"Saa saba ni chakula. Nasema pumzi."

Meneja alitazama juu, kwenye bati. "Kumi."

"Ishirini."

"Kumi na tano, kwa zamu, na mkanda usisimame. Kuanzia Jumatatu."

"Haya, andika mahali," akasema Mama Mnyapara, na akarudi kwenye kazi yake akiwaonyesha wenzake vidole kumi, kisha vitano, na kigelegele kikapanda juu ya kelele ya ngoma.

Meneja alirudi kwenye ripoti yangu. Aligeuza ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Nilizihesabu pumzi zake.

"Hapa umeandika 'kosa ni langu' mara nne."

"Ndiyo, mzee."

"Moja ingetosha." Alizikunja kurasa akazitia mfukoni. "Ile saa mimi mwenyewe niliipenda. Nilidhani waliotengeneza ndio wamejirekebisha." Kisha akaanza kuondoka, akasimama. "Barua yako ya ajira iko kwa karani tangu jana. Nenda usaini."

"Tangu jana, mzee? Na kama ingesimama leo?"

"Ingekuwa bado iko kwa karani," alisema. "Nenda."

Nilikwenda nusu nikitembea nusu nikikimbia, kofia nimeishika mkononi. Karani alinipa barua na kalamu. Niliisoma tangu juu mpaka chini, nikarudi juu nikaisoma tena, nikitafuta ni wapi waliposema "lakini". Nilipoanza mara ya tatu aliivuta, akaigeuza upande wake, akaweka kidole mahali pa kusaini na hakukiondoa mpaka nilipomaliza kuandika jina langu.